Mgeni na Kisichojulikana katika Biblia

Mtu atakaye kujua tabia ya nyumba hawaulizi wenye nyumba. Humtazama mgeni: ameketishwa wapi, amepewa nini, na hutajwa kwa jina gani akiwa hayupo. Kitabu nacho chaweza kupimwa kwa njia hiyo. Kila taifa lenye maandishi limeandika habari za watu wake kwa mapenzi, na jambo hilo si ajabu wala si sifa kubwa. Thamani ya maandishi huonekana yanapomfikia mtu wa nje, au yanapokutana na kitu ambacho mwandishi hakijui. Katika insha hii nataka kuipima Biblia kwa kipimo hicho. Sitaisoma kama mhubiri aisomavyo mimbarani, maana kazi hiyo ina wenyewe. Nitaisoma kama msomaji wa fasihi asomavyo hadithi na mashairi: nitauliza nani amepewa jina, nani amepewa nafasi ya kusema, na nani amenyamazishwa. Maswali haya ni madogo lakini hufungua mengi, na mwanafunzi yeyote aweza kuyauliza.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, mgeni, kwa mtu aliyekuja kututembelea na kwa mtu tusiyemjua. Hekima ya wazee husema kwa pande zote mbili: mgeni njoo, mwenyeji apone, na tena, usilolijua ni usiku wa giza. Kiebrania cha Agano la Kale hutenga maana hizo. Liko neno ger, yaani mgeni akaaye katikati ya watu na kufanya kazi pamoja nao. Na liko neno nokri, yaani mtu wa mbali, wa kabila nyingine. Wa kwanza alilindwa na sheria. Wa pili aliweza kutozwa riba ambayo mwenyeji hakutozwa. Basi tujue tangu mwanzo ya kwamba kitabu hiki hakina kauli moja tu juu ya wageni. Kina sauti nyingi, zilizoandikwa katika karne nyingi, na baadhi ya sauti hizo hushindana.

Dai langu ni hili. Biblia mara nyingi huwaogopa wageni, lakini humpenda mgeni. Watu wa nje wanapotajwa kwa wingi, kwa jina la kabila lao, kalamu huwa kali. Anapotokea mmoja wao, akapewa jina na kinywa na jambo la kutenda, kalamu ile ile hulainika. Nitalionyesha dai hili kwa mifano, kisha nitaonyesha mahali linapopungukiwa, maana upungufu huo ndio wenye somo kubwa kuliko yote.

Kabla ya kuwafikia watu, tutazame vitu. Hofu ya mtu mgeni na hofu ya kitu kigeni zimezaliwa tumbo moja. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli wakiwa jangwani na njaa, waliamka asubuhi wakaona juu ya nchi kitu chembamba kama sakitu ambacho hawakupata kukiona. Waliulizana ni kitu gani. Swali hilo kwa Kiebrania ni man hu, na kutokana na swali hilo chakula kile kiliitwa mana. Hebu fikiri, msomaji: jina la chakula ni swali. Miaka arobaini watu walikula kitu ambacho kila walipokitaja walikuwa wakiuliza ni nini. Hawakungoja kukijua ndipo wakile, wala kukila hakukuwafanya wajidai kwamba wamekijua. Katika habari hii kisichojulikana si adui, ni riziki.

Kinyume cha habari hiyo kimo katika kitabu cha Hesabu. Musa alituma wapelelezi kumi na wawili kuikagua nchi ya Kanaani. Walizunguka siku arobaini, wakarudi na kishada cha zabibu kizito hata kikachukuliwa na watu wawili juu ya mti. Wote walikubali ya kuwa nchi ni njema. Lakini kumi kati yao walivunja mioyo ya watu kwa habari za majitu waliyoyaona huko, wakasema kwamba mbele ya majitu hayo walijiona kama panzi, na kwamba hata machoni pa wenyeji walikuwa panzi. Sehemu ya kwanza ya maneno yao twaweza kuiamini, maana mtu aweza kujua anavyojiona. Sehemu ya pili waliijuaje? Hakuna mwenyeji waliyemwuliza. Walichukua hofu iliyokuwa ndani yao wakaitia ndani ya macho ya watu wengine, kisha wakaileta nyumbani kama ushahidi. Mwandishi hakutoa maelezo yoyote juu ya kosa hili. Aliandika maneno yao tu, akamwachia msomaji asikie ufa ulio ndani yake. Yoshua na Kalebu, waliokuwa wameona nchi ile ile na watu wale wale, walileta habari nyingine.

Iko namna ya tatu, nayo imo katika kitabu cha Ayubu. Ayubu ameteseka, ameuliza sababu, na mwishoni Mungu amjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Jibu lenyewe ni la ajabu, kwa kuwa halitaji mateso ya Ayubu hata kidogo. Ni safari ndefu katika mambo ambayo Ayubu hayajui: mvua inyeshayo jangwani pasipokaa mtu, punda wa mwitu anayecheka kelele za mji, mbuni anayewasahau watoto wake, na mwisho wanyama wawili wa kutisha, Behemothi na Leviathani. Hao hawasifiwi kwa sababu wamfaa mwanadamu. Hawamfai. Wasifiwa kwa kuwa wapo. Mtunzi amemweka mwanadamu pembeni mwa ulimwengu amwonyeshe ukubwa wake, na kisichojulikana kimepewa heshima badala ya maelezo.

Wanachuoni wengi wamedhani ya kuwa Behemothi ni kiboko aliyetiwa makuu na ushairi, na Leviathani ni mamba. Ikiwa ndivyo, msomaji wa Kenya ana jambo la kuwaza. Mnyama ambaye kwa mshairi wa Kiebrania alikuwa mfano wa mwisho wa ugeni, kwa mvuvi wa Naivasha au mkulima wa kando ya Mto Tana ni jirani anayeharibu mashamba usiku. Ugeni basi haumo ndani ya kitu chenyewe. Umo katika umbali ulio baina ya kitu na yule akitazamaye. Tulishike wazo hili, maana tutalihitaji tutakapowafikia watu.

Sasa tusikilize sauti kali. Kumbukumbu la Torati, katika mlango wa 23, lakataza Mwamoni na Mmoabi kuingia katika kusanyiko la Bwana, hata kizazi chao cha kumi. Sababu mbili zimetolewa: mataifa hayo hayakuwalaki Waisraeli kwa chakula na maji walipokuwa safarini kutoka Misri, na Balaamu aliajiriwa ili awalaani. Karne nyingi baadaye sauti hii yasikika tena katika Ezra na Nehemia. Yerusalemu ulikuwa umebomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wakahamishwa. Mwaka 538 mfalme Koreshi wa Uajemi aliwapa ruhusa ya kurudi. Waliorudi walikuwa wachache na dhaifu. Ezra alipopata habari ya kwamba wengi wameoa wanawake wa mataifa, alirarua mavazi yake, na shauri likakatwa wanawake hao watolewe pamoja na watoto waliozaliwa nao. Nehemia naye alikuta watoto wasemao lugha ya Ashdodi, wasioweza kusema lugha ya Kiyahudi. Aligombana na baba zao, akawapiga baadhi yao na kuwang'oa nywele.

Yafaa tuwatendee haki watu hawa. Taifa dogo lililonusurika huogopa kupotea, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtu aliyeona lugha ya babu zake ikififia vinywani mwa wajukuu atafahamu uchungu wa Nehemia, hata asipoukubali mkono wake. Lakini mhakiki hana budi kutazama pia jinsi habari ilivyoandikwa. Mlango wa mwisho wa Ezra una orodha ya wanaume waliooa wanawake wageni, na majina yao yazidi mia. Wanawake wenyewe hawana hata jina moja. Hakuna aliyepewa neno la kusema. Twaambiwa ya kwamba baadhi yao walikuwa wamezaa, na hapo kitabu chakoma. Walikwenda wapi? Walipokewa na nani? Ukurasa uko kimya. Kuwafukuza kuliwezekana kwa sababu kalamu ilikuwa imekwisha kuwafanya wingi usio na uso.

Wala tusidhani ya kuwa torati nzima husema hivyo. Mambo ya Walawi, katika mlango wa 19, yaamuru mgeni akaaye nchini atendewe kama mzalia na kupendwa kama mtu ajipendavyo mwenyewe. Kitabu cha Kutoka chatoa sababu: Waisraeli waujua moyo wa mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Sheria hii haikutegemea huruma, ambayo huja na kwenda. Ilitegemea kumbukumbu. Taifa laambiwa likumbuke siku lilipokuwa halina jina katika nchi ya watu.

Baada ya sheria, na tumtazame Mmoabi mmoja. Kitabu cha Ruthu kina milango minne tu. Njaa iliingia Bethlehemu, mji ambao jina lake kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, na jamaa moja ikahamia Moabu. Huko baba akafa, na wana wawili wa jamaa hiyo wakaoa wanawake wa Moabu. Kisha wana wote wawili wakafa, na Naomi, mjane asiye na mtoto, akashika njia kurudi kwao. Mkwewe Orpa alimbusu akarudi kwa mama yake, na mwandishi hakumlaumu. Mkwewe wa pili, Ruthu, alikataa kumwacha.

Angalia jinsi mwandishi anavyolijibu shtaka la kale bila ya kulitaja. Wamoabi walishtakiwa kwa kunyima chakula. Katika hadithi hii Waisraeli wenye njaa walikaa Moabu miaka kama kumi, wakala chakula cha Moabu. Kisha mwanamke wa Moabu aliingia katika shamba la shayiri la Bethlehemu, akaokota masazo nyuma ya wavunaji tangu asubuhi, akayapura, na jioni akampelekea mjane wa Kiisraeli chakula. Hakuna hotuba wala mabishano. Kuna kapu la shayiri, nalo latosha.

Ufundi wa pili umo katika jina. Mwandishi amwita mara kwa mara Ruthu Mmoabi, hata pale ambapo hatuhitaji kukumbushwa. Boazi, mwenye shamba, alipomwona mara ya kwanza alimwuliza msimamizi wake msichana huyu ni wa nani. Msimamizi hakumtaja kwa jina. Alisema ni yule msichana Mmoabi aliyekuja na Naomi kutoka Moabu. Kabila alilitaja, na nchi ya kabila akaitaja, lakini Ruthu hakumtaja. Sauti hii twaijua. Ni sauti ya mtu aulizwaye jirani yake ni nani, naye akajibu kwa kutaja kabila, akadhani amejibu.

Katika mlango wa tatu, usiku, kwenye kiwanja cha kupuria, Boazi aliuliza tena. Safari hii alimwuliza mwanamke mwenyewe, na swali limebadilika: sasa ataka kujua yeye ni nani, si ni wa nani. Naye alijibu kwa jina lake, Ruthu, wala Moabu haikutajwa. Katika mlango wa nne, mbele ya wazee langoni, jina la kabila lilirudi, maana shauri lilikuwa la sheria na sheria hupenda majina kama hayo. Ndoa ilipofungwa likatoweka, lisionekane tena hadi mwisho. Kitabu chafungwa kwa nasaba: Ruthu alimzaa Obedi, babaye Yese, babaye Daudi. Mfalme mkuu wa Israeli alikuwa kitukuu cha Mmoabi. Kwa hesabu ya kizazi cha kumi, Daudi mwenyewe angezuiliwa mlangoni. Wanachuoni wa Kiyahudi waliokuja baadaye waliliona tatizo hili, wakaamua ya kuwa katazo lilihusu wanaume wa Moabu, si wanawake wao. Hivyo ndivyo hadithi fupi ya mjane mmoja ilivyowalazimisha wajuzi wa sheria kuisoma sheria upya.

Mfano wa pili ni mji wa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ambao magofu yake yako karibu na Mosul katika Iraki. Waashuri waliuangamiza ufalme wa kaskazini wa Israeli mwaka 722 kabla ya Kristo, wakawahamisha watu wake. Ninawi nao ulianguka mwaka 612. Biblia ina vitabu viwili vidogo juu ya mji huu, na yafaa visomwe pamoja.

Cha kwanza ni Nahumu. Ni shairi la ushindi, na kama shairi lina nguvu sana: msomaji husikia mijeledi, magurudumu na farasi, kisha huona maiti zisizohesabika. Ninawi ni pango la simba, ni kahaba, ni ngome zitakazopukutika kama tini mbivu. Haumo humo mtoto, wala mama, wala mfanyakazi arudiye nyumbani. Shairi lamalizika kwa swali: ni nani ambaye ukatili wa mji huu haukumpata? Tusifanye haraka kumlaumu mtunzi. Aliyechapwa ana haki ya kulia, na ana haki ya kushangilia fimbo ikivunjika.

Cha pili ni Yona. Nabii alitumwa Ninawi akakimbilia upande mwingine kwa merikebu. Tufani ilipovuma, mabaharia wageni, kila mmoja wa mungu wake, waliomba. Mwebrania mmoja tu alikuwa amelala. Walipojua ya kuwa yeye ndiye chanzo cha msiba, hawakumtupa mara moja. Walivuta makasia kwa nguvu wamrudishe pwani, wakihatarisha roho zao kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Baadaye Yona alifika Ninawi, akahubiri kwa maneno machache kuliko nabii yeyote, na mji wote ukatubu, tangu mfalme hata wanyama. Nabii alikasirika. Alikimbia, kumbe, kwa kuwa alijua ya kuwa Mungu ni mwenye rehema, naye hakutaka rehema hiyo iwafikie watu wale. Kitabu hiki nacho chamalizika kwa swali. Mungu amwuliza nabii aliyehuzunikia mmea mmoja uliokauka: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia?

Mji ni mmoja, na vitabu vyote viwili vyafungwa kwa swali. Swali la kwanza lahesabu makosa ya mji. La pili lahesabu watu wake na ng'ombe wao. Waliokusanya maandiko wangeweza kuacha kimoja. Waliviweka vyote viwili, na katika mpango wa Biblia zetu viko karibu sana, kimebaki Mika tu katikati. Sidhani Yona anamfuta Nahumu. Lakini msomaji aliyemfikia Nahumu pekee amesikia nusu ya shauri.

Hapa sasa nilijaribu dai langu. Mtu aweza kuniambia: Yezebeli alikuwa mgeni, alipewa jina na kinywa, na kalamu haikumhurumia. Ni kweli, lakini Yezebeli ahukumiwa kwa damu ya Nabothi na kwa manabii aliowaua, na mumewe Ahabu, Mwisraeli mzalia, ahukumiwa pamoja naye. Pingamizi zito zaidi ni Rahabu. Huyu alikuwa mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi darini. Ana jina, ana ujasiri, ana maneno ya hekima, na aliokolewa yeye na jamaa yake. Lakini mji uliomzunguka uliangamizwa, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Mwandishi alimpenda Rahabu, na upendo huo haukuvuka ukuta wa nyumba yake.

Hapo ndipo penye somo nililolitaja mwanzoni. Kumpenda mgeni mmoja si dawa kamili ya kuwachukia wageni. Kwaweza hata kuwa kisingizio. Mara ngapi tumesikia mtu akisema juu ya jirani yake, huyu ni mwema, si kama wenzake? Maneno hayo yana sura ya sifa, lakini yameuacha ukuta wa Yeriko mahali pake: mmoja ametolewa nje salama, na waliobaki wamehukumiwa bila ya kusikilizwa. Wakenya waliyoyaona baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007 yatufundisha kuyaogopa maneno ya namna hiyo. Wako waliowaficha majirani zao majumbani mwao, na matendo yao yapaswa kukumbukwa kwa heshima. Hata hivyo makabila yaliendelea kutajwa kwa wingi, na watu wakaendelea kuuawa.

Kwa sababu hii naona mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka ni wa ufundi mkubwa kuliko unavyosifiwa. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani, akajibiwa kwa hadithi ya mtu aliyeachwa na wanyang'anyi njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko. Kuhani alimpita, Mlawi alimpita, Msamaria akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni. Huyu, kinyume cha Ruthu na Rahabu, hakupewa jina. Aitwa kwa kabila tu. Kama angepewa jina, msikilizaji angeweza kusema fulani yule ni mwema, si kama wenzake. Pasipo jina hana pa kukimbilia: rehema imebandikwa juu ya neno Msamaria, na haibanduki. Hadithi ilipokwisha, mwanasheria aliulizwa ni yupi katika hao watatu aliyekuwa jirani. Jibu rahisi lilikuwa neno moja. Hakulitamka, alisema ni yule aliyemwonea huruma. Ulimi wake ulikataa kulitaja kabila pamoja na wema, na Luka, kwa kuandika jibu hilo kama lilivyotoka, ametuonyesha mahali ambapo chuki hujificha kwa mtu aliyesoma.

Swali limebaki: sisi tusomao Kiswahili tumo wapi katika kitabu hiki? Mwafrika yumo katika Biblia, na aghalabu yumo kama mtu wa mbali. Kushi, nchi iliyokuwa kusini ya Misri kando ya Mto Nili, yatajwa kama mwisho wa dunia. Lakini nabii Yeremia alipotumbukizwa katika shimo la matope afe, aliyekwenda kwa mfalme kumtetea alikuwa Ebedmeleki, Mkushi. Alipopewa ruhusa alichukua watu, akatafuta matambara na nguo kuukuu, akaziteremsha kwa kamba ili nabii aziweke makwapani, kamba zisimchubue. Mwandishi asingekuwa na haja ya kuyataja matambara kama angetaka tu kutueleza ya kuwa nabii aliokolewa. Aliyaandika, na kwa kuyaandika alimpa mtu wa mbali moyo na akili, na mikono yenye kujali.

Yafaa tuyakumbuke matambara hayo, maana wako waliokitumia kitabu hicho hicho kuhalalisha utumwa wa Waafrika, wakidai ya kuwa uzao wa Hamu ulilaaniwa. Atakayeufungua mlango wa 9 wa Mwanzo ataona ya kuwa Nuhu alimlaani Kanaani, si Hamu wala Kushi, na ya kuwa rangi ya ngozi haikutajwa mahali popote. Dai lile halikutoka katika kitabu. Liliingizwa na wasomaji, kama wapelelezi kumi walivyoingiza hofu yao katika macho ya watu wengine. Kusoma vibaya si kosa la darasani tu. Watu wameuzwa kwa ajili yake.

Na kitabu chenyewe, kilipofika pwani yetu, kilikuja kama mgeni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kukifasiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na mjuzi Mwislamu wa mji huo. Lugha aliyoikuta ilikuwa na maneno tayari: nabii, malaika, torati, zaburi, injili. Yalikuwa yameingia zamani kutoka Kiarabu, pamoja na dini nyingine. Wafasiri waliyatumia, na tafsiri ya muungano iliyotoka mwaka 1952 imejaa maneno hayo. Mgeni alipewa nguo za nyumba aliyoingia. Wenyeji walifanya kwa kitabu yale ambayo kitabu, katika kurasa zake njema, kinaagiza kwa watu.

Basi mwanafunzi asomapo Biblia, au kitabu chochote kinachotaja watu wa nje, na aulize maswali matatu. Je, mgeni ana jina, au ana kabila tu? Je, amesema, au amesemewa? Na wema wa mmoja umewafikia wenzake, au umeishia mlangoni pake? Ataona ya kuwa kurasa nyingine za Biblia zashindwa katika maswali haya, na nyingine zayashinda kwa namna ambayo vitabu vichache vya kale vimeweza. Asione haya kutaja zilizoshindwa, maana Biblia yenyewe imeweka Ruthu katika mkusanyo mmoja na Ezra, na Yona karibu na Nahumu, ikaacha wabishane mbele ya msomaji. Kisha, akikifunga kitabu, na ajisikilize mwenyewe siku atakapoulizwa jirani yake ni nani.